Dakika Nne, Mistari Miwili

Basi lilikuwa limeshageuza, limeshapiga honi mbili za kuaga, na magurudumu yake ya mbele yalikuwa nje ya geti, pale mwanamke mmoja mnene mwenye mwavuli uliokunjwa aliposimama mbele yake kama mtu anayesubiri kuvuka barabara na hana haraka.

Dereva alikanyaga breki. Ndani, wasomi ishirini na sita walirushwa mbele pamoja na mabegi yao.

"Mama, umechoka kuishi?" dereva aliuliza, kichwa nje ya dirisha.

"Bado. Zima gari."

"Nina watu wa ndege humu."

"Na mimi nina kazi ya polisi hapa. Zima."

Alionyesha kitambulisho. Dereva akazima. Nyuma ya mwanamke yule alitokea koplo mwenye mvi, anahema, kofia mkononi. Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa katika cheo kilekile. Akiulizwa, husema vyeo ni ngazi na yeye magoti yanamsumbua. Mwanamke alikuwa Inspekta wa upelelezi. Wenzake kituoni walimwita Bibi Kufuli, kwa kuwa akishafunga jalada haliwezi kufunguliwa na wakili yeyote. Mbele yake walimwita afande.

"Ndege yenu ya kwanza ni saa ngapi?" Inspekta aliwauliza abiria baada ya kupanda ngazi ya basi.

"Saa tisa na nusu," alijibu mmoja.

"Sasa ni saa sita. Nipeni saa moja, mtaondoka. Yupi kati yenu anaitwa Hoja?"

Kicheko kilipita viti vya nyuma. Kijana mrefu mwenye miwani alisimama. Jina hilo alipewa siku ya kwanza, maana kila aliponyanyua mkono alianza kwa kusema ana hoja tatu.

"Ni mimi. Lakini kabla ya yote, afande, nina mambo matatu ya kusema."

"Baki nayo mawili. Moja nitakuuliza mwenyewe. Shukeni wote, rudini ukumbini."

Mambo yalikuwa hivi. Kwa siku tatu chuo kile kilikuwa na kongamano la wanafunzi wa shahada za juu, mada yake wakimbizi, mipaka na uhamaji. Watu walitoka nchi kumi na moja. Siku hiyo ya tatu, saa nne na nusu asubuhi, ilikuwa zamu ya mwanafunzi mmoja wa uzamivu, binti aliyekaa kambini miaka mitatu akihoji watu waliovuka mpaka. Alikwenda chumba cha mabegi kuchukua kinasa sauti chake ili awapigie washiriki sauti halisi za watu aliowahoji. Begi lilikuwepo. Kinasa sauti hakikuwepo.

Abiria waliporudi ukumbini, Inspekta alimkuta binti huyo amekaa chini, kwenye sakafu ya chumba cha mabegi, mgongo ukutani, viatu amevua.

"Simama, mwanangu, sakafu ina baridi. Kimeibwa nini kingine?"

"Hakuna, mama. Kompyuta ipo. Pasipoti ipo. Pochi ipo, hata haikufunguliwa."

"Simu?"

"Ninayo. Mama, ndani ya kile kinasa sauti mlikuwa na sauti za watu arobaini na mmoja."

"Nakala?"

Mtafiti alitikisa kichwa. "Sina. Niliwaapia. Kamati ya maadili ya chuo chetu ilinipa kibali kwa sharti hilo: sauti zikae kwenye mashine moja, zisipite kwenye kompyuta wala mtandao, na nikimaliza nizifute. Kwa leo tu waliniruhusu kupiga chache ukumbini, zisizo na hatari. Wengine wana ndugu waliobaki ng'ambo ya mpaka. Sauti ya mtu ikisikika huko, ndugu yake anachukuliwa. Nilimwambia kila mmoja, usiogope, sauti yako ni mimi peke yangu ninayo." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sasa nani anazo?"

"Hilo ndilo ninalolipwa mshahara kulijua. Vaa viatu."

Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanafunzi naye, lakini amevaa tai, na tangu asubuhi alikuwa anaishika kama kamba ya kengele.

"Afande, sipendi kumnyooshea mtu kidole," alisema.

"Nyoosha, tutakirudisha baadaye."

"Ni yule Hoja, nilimtaja hata kwenye simu. Jana wakati wa chakula alimwaibisha mtafiti mbele ya meza nzima. Alimwambia utafiti wake hauna miguu. Na leo alikuwa wa kwanza kupanda basi."

"Alisema hauna miguu kwa nini?"

Mtafiti alijibu mwenyewe. "Mada yangu ni juu ya wanyama. Wanyama katika simulizi za watu waliovuka mpaka. Kuna bibi mmoja kambini, nilimpa nambari ishirini na saba. Yeye ndiye aliyenipa wazo. Hoja aliniuliza, wanyama gani hao? Akasema bibi yake mzaa mama ni wa ng'ambo ile ile, lugha ile anaisikia kama maji. Akasema, kesho piga sauti ya huyo bibi nami nitakwambia kama tafsiri yako ni sahihi. Nikamwambia sawa, utaisikia yote."

"Mezani mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, Hoja, mwenyekiti, wanafunzi wengine wawili, na kaka mkalimani."

"Mkalimani wa nini?"

"Anatafsiri hapa ukumbini. Lakini ndiye aliyekuwa mkalimani wangu kambini pia, miaka yote mitatu. Mimi ndiye niliyempendekeza kwa kamati. Ni mtu mwema sana, mama. Yeye mwenyewe alivuka mpaka ule miaka tisa iliyopita."

Inspekta hakuandika kitu. Aliufungua mwavuli, akaukunja tena. Koplo, aliyemjua, alivuta kiti akakaa, maana mwavuli ukianza kazi hiyo huwa haiishi mapema.

"Nionyeshe unavyoandika," Inspekta alimwambia mtafiti. "Una daftari?"

Daftari lilikuwemo begini. Kila mahojiano yalikuwa na nambari, tarehe, dakika za sauti, kisha tafsiri kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Inspekta alilamba kidole akaanza kufunua.

"Mwizi ameliacha hili."

"Ndiyo."

"Maneno yote yamo humu, na ameliacha. Kachukua sauti tu." Alifunua tena. "Nambari tisa, dakika nne, tafsiri ukurasa mzima. Nambari kumi na nne, dakika tatu, karibu ukurasa. Nambari ishirini na saba, dakika nne." Alisimama hapo. "Mistari miwili."

Alisoma kwa sauti: "'Safari ilikuwa ndefu na ngumu. Usiku ule kulikuwa na wanyama mtoni.' Basi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Bibi ana kigugumizi?"

"Hapana. Anasema haraka kama cherehani."

"Kwa hiyo amesema dakika nne kama cherehani, na katoka na mistari miwili."

Mtafiti alilivuta daftari, akaihesabu mistari mwenyewe.

"Lugha yenyewe unaijua?"

"Salamu tu. Na 'asante' na 'nisamehe'."

"Kuna siku uliketi na mtu mwingine mkasikiliza upya sauti hizi?"

"Nisingeweza. Niliapa. Na nilikuwa na mkalimani."

Koplo aliguna. "Afande, mimi nimeoa mke wa kabila lingine. Harusini shemeji alitoa hotuba ya robo saa, mtafsiri akaniambia, 'Anasema karibu.' Nikajua hapo nimetukanwa."

"Na ulikuwa umetukanwa?"

"Mpaka leo naendelea kugundua."

Mlinzi wa chumba cha mabegi aliitwa. Alikuwa mzee mwenye sare kubwa kuliko mwili, na aliapa kwamba tangu saa mbili hakuingia mtu asiye na beji ya mtoa mada.

"Taja walioingia," alisema Inspekta.

"Huyu binti, saa tatu kasoro robo, akajaribu mashine yake, ilikuwa inasema vizuri. Yule kijana mrefu wa miwani hakuja kabisa. Akaja mama mmoja wa kitambaa cha kijani, akachukua dawa yake ya kichwa, nilikuwa namwangalia. Basi. Saa nne na nusu akarudi binti akaanza kulia."

"Na hayo maboksi pale pembeni ni ya nini?"

"Betri, afande. Za zile hedifoni za ukumbini."

"Nani huja kuzichukua?"

"Aah, hao." Mlinzi alipunga mkono. "Hao ni watu wa mitambo, na wakalimani. Hao si wa kuhesabu, wanaingia na kutoka."

"Leo aliingia nani?"

"Fundi hakuingia, betri alizichukua jana. Aliingia yule mkalimani mwanamume. Akasema betri zinaisha."

"Saa ngapi?"

"Hotuba ilikuwa imeanza. Watu wote walikuwa ndani."

"Alitoka na boksi?"

Mlinzi alifikiri mpaka mdomo ukakunjamana. "Sasa unaponiuliza, alitoka mikono mitupu. Nami nikajisemea labda zimo mfukoni."

Hoja alikuwa anasubiri kwenye korido, mguu mmoja ukitikisika.

"Uliiba?" Inspekta alimuuliza bila kusimama.

"Mimi? Afande, mimi ndiye niliyetaka isikike! Kama ningetaka kumwangusha, silaha yangu ilikuwa humo humo ndani ya mashine. Kwanza..."

"Hiyo moja inatosha. Ni ya kweli. Kaa karibu, masikio yako nitayahitaji."

Kibanda cha wakalimani kilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, chumba cha kioo chenye upana wa kitanda, na ndani yake viti viwili, vipaza sauti viwili, chupa za maji na koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari. Mkalimani alikuwa anakunja nyaya. Mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, sauti yake laini na imepangika, kila neno limesimama mahali pake. Mkalimani mwenzake, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anakula ndizi kwa hasira.

"Samahani kukukatiza, kaka," Inspekta alimwambia mwanamume. "Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa, afande. Hotuba ilianza saa tatu. Sisi hubadilishana kila nusu saa. Mimi nilishika mpaka saa tatu na nusu, kisha mwenzangu akapokea. Saa nne tukaenda kunywa chai wote."

"Hukutoka?"

"Mkalimani hatoki kibandani akiwa na kipaza sauti, afande. Ni kama dereva kuacha usukani."

"Nimekuelewa." Akamgeukia mwanamke. "Na wewe, mwenzangu?"

Mwanamke alitazama ndizi yake. Akamtazama mwenzake. Mkalimani hakuinua macho kwenye nyaya.

"Ndivyo," alisema mwanamke, taratibu.

Inspekta hakubishana naye. Alitoka kibandani, akapanda jukwaani, akagonga meza kwa mpini wa mwavuli. Abiria wa basi walikuwa wametawanyika kwenye viti, wengine wameanza kusinzia.

"Nina swali moja tu, kisha mnaenda zenu. Leo saa tatu mlikuwa mmevaa hedifoni. Nani alikuwa anawatafsiria?"

"Mwanamume," alisema mmoja.

"Mwanamke," akasema mwingine.

"Kwanza mwanamume, kisha mwanamke," alisema mama wa kitambaa cha kijani. "Alibadilika mapema mno. Mtoa hotuba alikuwa bado anashukuru wafadhili. Nimeandika hapa, maana mimi huandika kila kitu, wanangu hunicheka. Saa tatu na dakika kumi. Nimeandika, 'Sauti imebadilika, huyu ni bora.'"

"Mwanamume alirudi?"

"Hakurudi. Mwanamke aliendelea hadi chai. Mwishoni alikuwa amekauka, anakohoa, maskini."

Vichwa vilitikisika kukubali ukumbi mzima. Watu ishirini na sita wakawa mashahidi bila kuinuka vitini. Yule bwana aliyezoea kutoonekana alisahau kwamba kazi yake ni kusikika, na kwamba siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ndani ya masikio ya wengi kama yeye.

Ndizi ya mkalimani mwanamke ilikuwa imeisha Inspekta aliporudi.

"Dakika hamsini peke yako," Inspekta alimwambia. "Inawezekana?"

Mwanamke alivuta pumzi. "Inawezekana kama kukimbia na ndoo ya maji kichwani inavyowezekana. Akili inachemka. Alinisukumia kikaratasi: 'Tumbo, nishikie.' Nikashika. Nimekuficha, kaka, kwa sababu sisi tunafichana. Lakini sikujua nakuficha nini."

"Nenda ukapumzike, dada," Inspekta alisema. "Koplo, simama mlangoni. Hoja, ingia. Mtafiti, ingia, kaa pale."

Kibanda kilijaa. Mlango ulifungwa na kelele za ukumbi zikakatika kama zimekatwa kwa mkasi.

"Kaka," alisema Inspekta, "una haki ya kunyamaza. Utakachosema nitakiandika na kinaweza kupelekwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kiko kwenye koti lile au umekitupa?"

Mkalimani aliketi. Alipokuwa anaketi mikono yake ilitafuta kipaza sauti kwa mazoea, ikakigusa, ikakiacha.

"Kwenye koti," alisema.

Koplo alivaa glavu, akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa mashine ndogo nyeusi ndani ya leso iliyokunjwa vizuri. Aliiweka kwenye bahasha ya vielelezo akaandika saa. Mtafiti alitoa sauti kama mtu aliyepandishwa ngazi nyingi.

"Zimo?" aliuliza. "Kaka, zimo zote?"

"Zote. Sikufuta hata moja."

"Umekuwa nacho zaidi ya saa mbili," alisema Inspekta. "Kilichokuzuia?"

"Ile mashine. Ukibonyeza kufuta, inakuuliza, 'Una uhakika?' Nilibonyeza mara tatu chooni. Mara zote tatu ikaniuliza." Alitazama mikono yake. "Sikuwa na uhakika."

"Basi leo utafanya kazi uliyoshindwa kuifanya kambini. Hoja anaisikia lugha. Ukiteleza, atasema. Nambari ishirini na saba. Koplo, iwashe, sentensi moja, simamisha. Mtafsirie huyu binti."

"Afande, nakuomba. Niandikie kosa la wizi, nimekiri, basi."

"Wizi nimeshauandika. Bado sijaandika sababu."

Koplo alibonyeza. Sauti ya ajuza ilitoka, nyembamba, ya haraka, na nyuma yake kuku walisikika, na mahali fulani mtu anagonga bati. Koplo akasimamisha.

Wakalimani wana desturi yao. Mtu akisema "mimi", nao husema "mimi", hata kama mwenye maneno ni rais au muuaji. Mkalimani alinyoosha mgongo. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ya kazi, tulivu.

"'Mwanangu, mimi nimeona vibaya miaka mingi, lakini kusikia nasikia. Huyu uliyekuja naye namjua.'"

Hoja alitikisa kichwa: sawa.

"'Alituvusha mto. Tulikuwa kumi na tisa. Ilikuwa giza, alikuwa amejifunga uso, lakini alikuwa anatuita mmoja mmoja, shika kamba, shika kamba. Nimeisikia sauti hiyo kila nikilala.'"

Koplo alibonyeza tena, akasimamisha.

"'Kumi na watatu tulivuka. Kikasikika kishindo vichakani ng'ambo tulikotoka, na matawi kuvunjika. Mtu akasema, askari. Huyu akakata kamba.'"

"Sawa," alisema Hoja. Sauti yake haikuwa na hoja yoyote.

"'Mwaka wa pili wakaja watu wanne kati ya wale sita. Walivukia mahali pengine. Wakaniambia, bibi, hawakuwa askari. Walikuwa ng'ombe, wanakuja kunywa maji.'"

Koplo alitazama kitufe, akamtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa: endelea.

"'Mwanangu wa mwisho alikuwa katika wale sita. Wale wanne walikuwa mbali nyuma, hawakumwona. Huyu alikuwa ameishika kamba, yeye anajua. Mwambie sikumwita hapa nimtukane. Mwambie anijibu neno moja. Alipokata, mwanangu alikuwa bado ukingoni, au alikuwa majini ameshika kamba? Kama alikuwa ukingoni, labda yu hai, nimngojee. Kama alikuwa majini, niache kungoja. Nimechoka kuweka sahani yake. Mwulize, mwanangu. Nanyamaza, mwulize.'"

Kwenye mashine kulifuata kimya, kisha sauti nyingine, laini, imepangika, ikisema kwa Kiswahili: "Anasema safari ilikuwa ndefu na ngumu. Usiku ule kulikuwa na wanyama mtoni." Na sauti ya binti, ya furaha: "Wanyama? Mwulize ni wanyama gani."

Koplo alizima bila kuamriwa.

"Nimeandika kurasa thelathini na nane kuhusu hao wanyama," alisema mtafiti. Hakuwa anamwambia yeyote. "Na wewe ulizipitia. Ukanisahihishia nukta."

"Ndiyo."

"Ulimjibu nini bibi?"

"Nilimwambia kwa lugha yetu kwamba wewe una haraka, tutarudi. Hatukurudi. Nilikwambia amehamishwa."

"Nilikuamini kama kaka yangu wa tumbo moja."

"Najua, dada. Ndiyo maana ilikuwa rahisi."

Inspekta aliweka mwavuli mezani. "Sasa sema ya kwako. Kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa mtu."

Mkalimani alisukuma kipaza sauti pembeni. Alipoanza, sauti ile ya kazi ilikuwa imemtoka. Alisema kama mtu yeyote aliyekaa barazani.

"Mimi sikuwa mvushaji. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Niliijua njia tu, kwa kuwa mjomba alikuwa anavua pale. Watu wakanifuata. Niliposikia kishindo niliwaza, wakifika ukingoni watafyatua, tutakufa kumi na watatu badala ya sita. Nilihesabu. Mwalimu huhesabu. Nikakata. Miaka sita nikajisemea niliokoa watu kumi na watatu, na nililala. Kisha tukaenda kambini na dada huyu, na ajuza akaniambia ni ng'ombe."

"Kwa nini hukumjibu? Ni neno moja."

"Kwa sababu nikimjibu nimekiri kwamba nilimwona." Alipangusa uso. "Nina vibali sasa, afande. Nina mke, nina watoto wawili wanaosema shuleni baba yao ni mkalimani wa mikutano mikubwa. Jana huyu kijana aliposema atasikiliza, nikaona ukumbi mzima, watu wanaosoma mambo ya wakimbizi, wananigeukia hapa kwenye kioo. Nisingekuwa na pa kujificha. Nikaona heri binti apoteze sauti zake."

"Watu arobaini na mmoja," alisema mtafiti.

"Sikuwafikiria. Nilimfikiria mmoja."

"Basi mjibu huyo mmoja," alisema Inspekta. "Koplo anaandika. Alikuwa ukingoni au majini?"

Nje ya kioo abiria walikuwa wanacheka kitu, midomo inafunguka bila sauti. Mwenyekiti alikuwa anawaonyesha saa yake.

"Majini," alisema mkalimani. "Alikuwa wa kumi na nne. Alikuwa amefika katikati. Kamba ilikuwa mikononi mwake miwili na alikuwa ananitazama, kwa sababu nilikuwa nimemwita."

Koplo aliandika. Alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Mkalimani alisahihisha nukta mbili, akataja tarehe ya usiku ule, akatia sahihi kila ukurasa.

Basi liliondoka saa saba kamili. Hakuna aliyekosa ndege.

Mkalimani alishtakiwa kwa wizi, akakiri, akapewa kifungo cha nje cha miezi minane. Maelezo yake kuhusu mto yalitumwa kwa mamlaka za ng'ambo ya mpaka kupitia njia za serikali, jibu halijafika. Vibali vyake havikufutwa. Hafanyi tena ukalimani. Anafundisha hesabu shule ya jioni. Mkewe alikaa kwa dada yake miezi mitatu, kisha akarudi.

Mkalimani mwanamke alipandisha bei ya kazi yake, na sasa hakubali zamu ya mtu mwingine hata kwa kikaratasi.

Mlinzi alihamishiwa geti kuu. Huandika kila mtu, pamoja na wa mitambo.

Mtafiti aliitupa ile mada ya wanyama. Kamati ya maadili ilimruhusu kusikiliza upya sauti zote na mtu wa pili aliyekula kiapo, na mtu huyo akawa Hoja. Iliwachukua mwaka na nusu. Walikuta mahojiano mengine arobaini yalitafsiriwa sawasawa, hata vichekesho. Shahada aliipata, akachelewa miaka miwili. Hoja alipata ya kwake kabla yake na hakuacha kumkumbusha.

Koplo alistaafu akiwa koplo. Inspekta alifunga jalada, akalipeleka mahakamani, na siku iliyofuata alikuwa kwenye kesi ya nyaya za umeme.

Mtafiti na Hoja walikwenda kambini mwezi wa pili baada ya kongamano. Bibi wa nambari ishirini na saba hakuwa amehamishwa. Hoja ndiye aliyempa jibu, kwa lugha yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule aliyekata kamba amepigwa. Aliambiwa hapana. Akauliza tarehe ya usiku ule, kwa kuwa wakati ule hakuwa akihesabu siku. Hoja aliitaja. Bibi aliirudia mara mbili ili aishike, akamwomba jirani amwandikie mlangoni kwa mkaa.